Kwani Mkubwa Anaumwa?

Kwa Waheshimiwa Wenye Ving'ora,
Popote mlipo kwa sasa, maana hapa mlishapita.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KUWA NA MIMI NINA DHARURA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, naandika barua hii nikiwa nimesimama ndani ya daladala hapa Dar es Salaam. Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu, na mbavu zangu nimezikabidhi kwa abiria wenzangu mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Trafiki ametusimamisha ili mpite. Yameshapita mashangingi saba na tunaambiwa bado. Kwa kuwa muda huu ni wenu, nimeona niutumie kuwaandikia.

Nianze kwa pongezi. Hapa tuliposimama pana kibao cha hamsini, kile cha duara chenye ukingo mwekundu. Shangingi la kwanza lilipopita, kibao kiliyumba kwa upepo, kikainama kidogo kama mtumishi anayeamkia wakubwa, kisha kikasimama wima kikaendelea na kazi. Nimewahi kuona vibao vikipuuzwa. Kusujudu, nimeona leo.

Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango, kapu la ndizi mapajani, akamuuliza konda: "Mwanangu, hawa wanakimbilia wapi?"

Konda akamjibu kwa adabu: "Tulia mama, mkubwa anapita. Ni dharura."

Mama akafikiri kidogo. "Kwani mkubwa anaumwa?"

Daladala zima likacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikatoa simu nikaanza kuandika, maana swali lile halikupata jibu, na mimi nililelewa kuwa mtu mzima akiuliza lazima ajibiwe.

Waheshimiwa, nimeipitia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, nikitafuta dharura yangu. Inasema kwenye makazi ya watu mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Inasema mtu mwenye kilevi zaidi ya miligramu 80 katika mililita 100 za damu asishike usukani. Inatutaka tuwapishe zimamoto, gari la wagonjwa na polisi walio kazini. Nilipofika hapo nikagundua jambo: wote hao humkimbilia mtu mwingine. Zimamoto hukimbilia nyumba isiyo yao. Dereva wa ambulansi hana undugu na mgonjwa aliye nyuma yake. Ninyi mna ujanja zaidi, mmeileta dharura nyumbani: mwenye dharura na anayekimbiliwa ni mtu mmoja, na amekaa siti ya nyuma, kiyoyozi kikimpuliza.

Kwa kuwa mmefanikiwa kuipanua tafsiri kiasi hicho, naomba nami nipenyezwe humo. Dharura zangu ni hizi zifuatazo.

Kwanza, mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Nikichelewa kikao, wajumbe watapitisha bajeti ya ukumbi na keki kabla sijawaambia ni michango mingapi iliyobaki kuwa ahadi. Hilo ni janga la uchumi.

Pili, siku ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, filimbi ya kwanza hainisubiri. Hakuna daktari anayeweza kurudisha goli la dakika ya tatu ambalo sikuliona.

Tatu, msiba. Mnajua desturi yetu: mtu akifia mjini, tunakodi Coaster, tunafunga safari usiku kucha kumpeleka kwao, Moshi au Bukoba, na dereva anahimizwa akanyage mafuta kwa sababu wazee wanasubiri. Nimesafiri hivyo zaidi ya mara moja. Kila safari nimetazama lile jeneza nikaona kuwa kati yetu sote humo ndani, marehemu peke yake ndiye asiye na haraka. Sisi wengine tunafanya bidii ya kumfikia.

Nne ni kinywaji, na hapa naomba mniruhusu nitoe habari kwa urefu kidogo.

Jirani yangu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado tunasalimiana, alikuwa amerudi kutoka baa na bia tano kichwani. Saa tano usiku mtoto wake mdogo akashikwa na degedege. Jirani akachukua funguo. Waheshimiwa, hii si dharura ya kikao. Mtoto macho yamegeuka, mama anapiga kelele, gari lipo mlangoni. Nani kati yetu angemwambia baba yule asubiri? Mimi nilikuwa ukutani nachungulia, na nakiri nilimwona shujaa.

Mkewe hakumwona hivyo. Alimpokonya funguo, akavuka njia, akagonga kwa ustadhi wa madrasa, nyumba ya pili. Ustadhi akatoka na msuli wake, akashika usukani, akaendesha kama anayebeba mayai. Mtoto alipona. Baba yake alikaa siti ya nyuma, amempakata, analia na kunuka bia, na usiku ule ndiyo iliyokuwa siti yake halali.

Baadaye tulipokaa barazani alinieleza kuwa alishakunywa maji ya baridi na kikombe cha kahawa, kwa hiyo alikuwa "sawa tu". Hiyo tiba tunaiamini wengi, wengine huongezea supu ya pweza. Kahawa humpa mlevi macho makavu tu, kilevi haikiondoi. Linalokiondoa ni ini, na ini, Waheshimiwa, halina king'ora. Hata ukilipigia honi, litamaliza kazi yake kwa saa zake.

Waingereza, waliotuachia kuendesha upande wa kushoto na tabia ya kuvaa suti kwenye joto, wameshalipeleka swali hili mahakamani. Walikuwa na kesi ya bwana mmoja, Jones, aliyeshambuliwa, akaruka garini akiwa amelewa, akaendesha mpaka kwake bila hata kugeuka kuangalia kama kuna anayemfukuza. Alitiwa hatiani. Baadaye ikaja ya mwenzake, Bell, naye mlevi, naye akikimbia watu waliomtishia, lakini yeye alikwenda umbali mfupi tu wa kuinusuru roho yake. Bell akaachiwa. Kwa hiyo mlango upo, ila ni mwembamba: hatari iwe ya kweli, iwe inakupumulia kisogoni, pasiwe na njia nyingine, na ikiisha nawe uzime gari. Dharura imewekewa mpaka barabarani. Ukiuvuka, unachoendelea nacho ni ulevi.

Mke wa jirani yangu hakusomea sheria, lakini hukumu aliitoa ileile, tena usiku, akiwa na kanga moja: njia nyingine ilikuwepo, nyumba ya pili.

Na hata penye upungufu wa ustadhi, akili hiyo imeshafanyiwa mpango. Nchini mwetu upo utaratibu wa m-mama: mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, hupigwa simu 115 bila malipo, na pasipokuwa na ambulansi karibu huitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, anayejulikana na anayelipwa kwa kazi hiyo. Maana yake kuna watu waliokaa mezani wakaona kuwa dharura huandaliwa mapema, kabla mtu hajaanza kutafuta funguo gizani. Nawapongeza watu hao, na najiuliza kama wamewahi kualikwa kwenye misafara yenu.

Waheshimiwa, turudi kwenye mwendo. Nimepiga hesabu nikiwa hapahapa bombani. Kilomita kumi kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu. Mnaokoa dakika nne na nusu, ambazo mkifika ukumbini mshereheshaji huzitumia kutambulisha nusu ya meza kuu. Upande wa pili wa daftari uko hivi: kwa mwendo wa 50, sekunde moja ya kushtuka hula mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Kwa 100 hula mita 28, kisha breki zenyewe hudai umbali mara nne. Mtoto aliyeingia barabarani kufuata mpira yuko ndani ya mita hizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Mwanafunzi aliyebanwa kwapani mwangu sasa hivi, begi lake likinichoma tumboni, yumo kwenye umri huo. Yeye pia amechelewa. Mwalimu wa zamu hatamuuliza kama alipishana na mkubwa.

Mtaniambia madereva wenu ni mahiri. Sina shaka. Mahiri walikuwepo Paris pia, Agosti 31, 1997, na dharura ilikuwepo: kuwakimbia wapiga picha. Dereva wa Binti Mfalme Diana alikuwa na kilevi zaidi ya mara tatu ya kiwango cha Ufaransa, na aliingia kwenye handaki la Alma kwa mwendo wa karibu mara mbili ya 50 iliyoruhusiwa. Kati ya wanne waliokuwa garini alipona mlinzi mmoja. Wapiga picha waliokuwa wakikimbiwa walifika wazima.

Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda Paris. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kurudi Dar es Salaam. Pale Dakawa, Morogoro, gari lake likagongana na jingine, taifa likaingia kwenye kilio ambacho wazee wetu hawajakimaliza. Mahali hapo sina kejeli ya kuongeza. Nataka tu mkumbuke kuwa lami haisomi namba za magari.

Baada ya maelezo hayo, naleta ombi langu rasmi. Najua hamtapunguza mwendo, wala sitaki kuwachosha kwa mambo magumu. Naomba dogo: kuanzia sasa, kila msafara ubebe angalau mgonjwa mmoja.

Utekelezaji wake ni rahisi. Shangingi moja lina nafasi kubwa kuliko wodi nilizowahi kulazwa. Kabla msafara haujaanza, upite kituo cha afya kilicho jirani, uulize nani amepewa rufaa na hana usafiri. Mjamzito akae mbele. Mzee wa presha akae katikati, miguu ainyooshe. Aliyevunjika mguu kwa bodaboda alazwe kule nyuma, panapokaa maboksi ya maji ya kunywa. Ving'ora vilie, sisi tusimamishwe, na mkipita tutawapungia mikono kwa moyo mmoja. Mkishawashusha wagonjwa hospitalini, mtakwenda zenu ukumbini kwa mwendo wa 50 kama sisi, maana dharura itakuwa imeshuka. Na siku konda akiulizwa kama mkubwa anaumwa, atajibu bila kigugumizi: "Hapana mama, amembeba anayeumwa."

Ombi hilo likionekana zito, basi punguzeni orodha ya wenye dharura mpaka ilingane na orodha ya wagonjwa, majeruhi na nyumba zinazoungua. Nami nitaondoa maombi yangu ya kikao cha harusi. Mechi nitaisikiliza kwenye redio.

Ningependa kuendelea, lakini kuna jambo linanikatiza. Nyuma yetu, tangu nilipokuwa kwenye hesabu za breki, kuna king'ora kingine kinalia. Tulidhani ni mkia wa msafara wenu. Konda amechungulia akarudi amenyamaza. Ni ambulansi. Ilikuwa imesimama kwenye foleni pamoja nasi, ikisubiri dharura ipite.

Sasa shangingi la mwisho limepita na trafiki ametuachia. Dereva wetu, ambaye siku zote hutanua kama barabara ni ya baba yake, amesogeza daladala pembeni kabisa mpaka tairi limepanda ukingo wa mtaro. Bajaji zimepisha, bodaboda zimepisha. Ambulansi imetupita. Ilipofika makutano, ingawa king'ora kilikuwa kinalia, dereva wake alikanyaga breki, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akavuka.

Mama mwenye kapu aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

"Huyo," alisema, "ndiye mwenye mgonjwa."

Wenu katika kusubiri,

Abiria wa kusimama

Nakala kwa:
Dereva wa ambulansi: kwa shukrani.
Mke wa jirani: endelea kuzificha funguo.
Kibao cha hamsini: tafadhali usichoke kusimama, kuna watoto wanavuka hapo.