Barua ya Wazi kwa ARCA: Buleusa Inaomba PV

Waheshimiwa wa Mamlaka ya Udhibiti na Ukaguzi wa Bima, Kinshasa,

Kwanza pongezi. Tangu SONAS, kampuni ya bima ya serikali, iundwe mwaka 1966 na kukabidhiwa soko zima, Mkongomani aliyechoka kungoja fidia hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Sheria Na. 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo, nanyi mkazaliwa mwaka uliofuata ili mwenye bima apate mtetezi. Mwaka 2019 kampuni binafsi zikaanza kupewa leseni. Kinshasa ilipiga makofi.

Buleusa bado haijapiga. Mji huo mdogo wa Ikobo, Walikale, Kivu Kaskazini, ulisikika mwaka 2016 kwa sababu ya kambi yake ya wakimbizi wa ndani, wala si kwa wingi wa mawakala wa bima. Hata hivyo sharti la bima kwa vyombo vya moto, lililopo tangu 1973, halikuuliza mtu anaishi wapi. Mwenye pikipiki ni mwenye pikipiki.

Basi mwenye pikipiki mmoja, tuseme, anateleza kwenye tope akiwa na abiria na madumu mawili ya mawese. Abiria anavunjika mguu. Ili adai fidia, abiria huyo anahitaji PV (taarifa rasmi ya polisi), cheti cha daktari na risiti za matibabu. PV aiombe kwa nani? Katika barabara za Walikale na Masisi, anayesimamisha watu akiwa na bunduki huenda si polisi hata kidogo, na muhuri wake, kama anao, Kinshasa hawaujui. Hospitali iko mbali. Risiti hulowa mvua kabla ya kufika popote. Na ikiwa mguu ulivunjika abiria akikimbia risasi, mkataba una jibu tayari: hasara ya vita kwa kawaida haimo. Kwa mtu wa Buleusa hiyo ni sawa na kumuuzia mvuvi bima isiyogusa maji.

Haki iwatendekee hata washindani wenu wa huko, wale wenye bunduki. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798, yaani vizuizi vya barabarani, katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, na nyingi zilikuwa na bei yake. Vijijini kuna ushuru uitwao lala salama: lipa, ulale. Kundi lenye silaha la NDC-R lilikuwa likitoza jetoni, kithibitisho cha malipo, ya faranga 1,000 kila mwezi, na asiye na jetoni alijua kitakachompata. Wateja wanasifu huduma moja tu: wakala hufika mwenyewe, hata usiku. Tatizo ni lilelile la zamani, kwamba siku nyumba inapoungua hakuna dirisha la kudai.

Nchini Kenya sheria inaitaka kampuni ya bima ilipe dai ndani ya siku 90. Buleusa haiombi anasa hiyo. Goma, mji mkuu wa jimbo, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji huo zilifungwa, kwa hiyo hata hundi yenye sahihi nzuri ingebaki karatasi.

Maombi ni machache. Mahali pasipo na polisi, ushahidi wa chifu wa groupement (kundi la vijiji), mganga mkuu wa kituo cha afya au paroko ukubalike badala ya PV. Fidia ipitie simu. Sharti la vita lisomwe kwa Kiswahili kabla mteja hajalipa ada, si baada ya kuumia. Na kampuni inayokataa dai iandike sababu.

Mkituma mjumbe na majibu, mpeni faranga za kutosha. Barieri hazikopeshi, na risiti zake hamtazikubali.