Barua ya Wazi kwa Marais Wetu: Ombi la Kupimiwa Utii

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Shirikisho ya Somalia, Mogadishu; na kwa Mheshimiwa Rais wa Jubaland, Kismayu; na kwa mwingine yeyote atakayekuwa ametangazwa rais kabla barua hii haijafika.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima zistahilizo vyeo vyenu, tunanyenyekea mbele yenu sisi watu wa Koyama na Chovai, wa Chula na Ngumi, pamoja na ndugu zetu wa mwambao kutoka Kismayu hadi Ras Kiamboni, tukiwa na haja ndogo isiyoigharimu hazina yenu hata senti moja: tunaomba tuelekezwe namna ya kutii.

Msidhani twauliza kwa ukaidi. Utii kwetu ni ada ya kale, na ni wachache duniani waliofunzwa somo hilo na walimu wengi kama sisi. Tulimtii Sayyid Barghash wa Unguja kwa mkono wa liwali wake. Mwaka 1875 wakaja Wamisri wa Khedive Ismail na manowari zao wakaitwaa Kismayu, wakaondoka kabla hatujazoea salamu zao. Tukamtii Mwingereza, ambaye mwaka 1925 alimkabidhi Mtaliani Jubaland yote, nasi tukiwa ndani yake, iwe thawabu ya kuingia vitani upande wake. Mwaka 1941 Mwingereza yule yule akarudi kuitwaa kwa nguvu thawabu aliyoitoa kwa hiari. Mwaka 1950 Mtaliani akarejeshwa kwa idhini ya Umoja wa Mataifa. Na mwaka 1960 tukaambiwa kwamba sasa tu huru, amri ambayo nayo tuliitii. Tangu Rais Siad Barre aanguke mwaka 1991 masomo yamekuwa ya haraka zaidi, maana Kismayu imepita mikononi mwa Jenerali Morgan, na Muungano wa Bonde la Juba, na Mahakama za Kiislamu, na Al-Shabaab, na kila aliyeingia alitaka kwanza kujua ni nani aliyempenda aliyetoka.

Vijana wetu waliotawanyika ughaibuni wametusimulia habari za mchezo wa kompyuta uitwao Skyrim, uliotolewa Novemba 2011, mwezi mmoja baada ya jeshi la Kenya kuvuka mpaka kuielekea nchi yetu. Humo dola imegawanyika baina ya Ulfric Stormcloak, aliyemuua mfalme na kukidai kiti chake, na himaya kuu inayotaka mjane wa marehemu atawale. Na mchezaji, ambaye huanza akiwa mfungwa aliyekamatwa mpakani, ndiye mwenye kukata shauri ni nani ashinde. Lililotustaajabisha si majoka yatemayo moto, bali ni adabu ya vita vyenyewe: mchezaji asipopenda kuchagua, majeshi humngoja hata akimaliza shughuli zake zote, na akichagua akajuta, hurudi pale alipoihifadhi safari yake, akachagua upya.

Vita vya kwetu havina subira hiyo. Mei 2013, mkutano wa Kismayu ulipomchagua Ahmed Madobe kuwa rais wa Jubaland, yeye ambaye mwaka 2006 alikuwa gavana wa mji huo chini ya Mahakama za Kiislamu, Barre Hiiraale aliyeutawala kabla yao alitangazwa rais siku iyo hiyo, na wengine wakafuata. Agosti 2019 mji ule ule ulizaa tena marais wawili kwa siku moja. Mwishoni mwa Novemba 2024 elimu ikatimia: mahakama ya Mogadishu ilitoa hati ya kumkamata Rais wa Jubaland, na mahakama ya Kismayu ikatoa hati ya kumkamata Rais wa Jamhuri. Madhali raia mwema huisaidia mahakama, sisi tuliotaka kuwa wema kwa pande zote tulijikuta tunawajibika kuwakamata nyote wawili, kwa mashua zile zile tuvuliazo kamba. Tungali tukilitafakari hilo, majeshi yenu yakapigana Ras Kiamboni mwezi wa Disemba, na mamia ya askari wa shirikisho wakakimbilia Kenya, walikokimbilia watu wetu tangu mwaka 1991, ila watu wetu hawakuwa na bunduki ya kusalimisha.

Sasa tulete hoja. Tangu mkutano wa Arta, nchini Djibouti, mwaka 2000, madaraka ya dola hugawanywa kwa kanuni ya nne na nusu: koo nne kubwa hupata fungu zima kila mmoja, na waliosalia wote, nasi tukiwamo, hugawana nusu moja. Hatuna nia ya kuibishia hesabu, kwani hesabu ni elimu tukufu. Twaomba tu kwamba kipimo kilichotumika katika haki kitumike katika wajibu pia, maana si insafu mtu awe kipande siku ya kugawa viti, kisha awe mzima siku ya kutozwa ushuru na kuulizwa alikuwa upande wa nani.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Kwanza, ushuru wa samaki wetu upunguzwe mpaka ulingane na sehemu yetu ya ile nusu. Pili, bendera zenu nyote zipandishwe visiwani hadi nusu ya mlingoti, nasi tutawaeleza wageni kwamba hapana msiba, ni hesabu tu. Tatu, kila rais mpya kabla ya kutangazwa atupe fursa ya kuhifadhi tulipofikia, ili mambo yakiharibika turejee hapo.

Na mkiona kwamba utii wa vipande hauifai dola, basi ipo njia nyingine isiyohitaji mkutano wa ng'ambo wala mpatanishi, nayo ni kutuhesabu wazima. Siku hiyo itawalazimu mtuulize tunamtaka nani, nasi tutawajibu.

Ni sisi raia wenu watiifu, kwa kadiri tulivyohesabiwa,

Watu wa Visiwa vya Bajuni