Mgongo Uliolala Kitini Ni Wangu

Kuna tangazo moja ambalo nikilisikia tu uwanja wa ndege, navua viatu kabisa na kutafuta soketi ya kuchajia simu: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu umejitokeza! Yaani umeamka wenyewe kwao, ukapanda daladala, ukaja kushukia mlango wetu wa kupandia, na wenye ndege wanaushangaa kama sisi. Hakuna aliyeuleta. Ukiuliza sababu, ni "za kiufundi". Ukiuliza ufundi gani, yule binti wa kaunta anakutazama kama uliyeomba namba ya siri ya benki.

Sisi tunaosafirishwa na ofisi hatuhurumiwi na mtu. Majirani wanasema tunakula nchi. Wenzetu ofisini wanahesabu posho yetu kuliko tunavyoihesabu sisi. Hakuna anayejua kwamba safari ya kikazi ni kikao cha saa tatu asubuhi kilichozungukwa na foleni pande zote mbili, na mwisho wake kuna fomu ya kurejesha masurufu.

Nilikuwa natoka Frankfurt kurudi Dar es Salaam, kwa kuunganisha ndege katikati. Ya kwanza ikachelewa, ya pili haikutusubiri. Hoteli? Zimejaa, mji una maonyesho ya biashara. Nikapewa vocha ya chakula ambayo, nilipoipeleka dukani, ilitosha mkate wenye jani moja la saladi na maji yasiyo baridi. Nikalala kwenye vile viti vya chuma vilivyowekewa mikono katikati, kifaa kilichobuniwa na mtu aliyekaa akafikiria kwa makini namna ya kumzuia binadamu asijinyooshe.

Ila usiku mrefu una faida yake, mtu anasoma. Umoja wa Ulaya una kanuni yake, namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, na imepanga bei. Safari fupi isiyozidi kilomita 1,500, euro 250. Ya kati, 400. Inayozidi kilomita 3,500 kwenda nje ya Umoja, 600. Kwa kuchelewa, hesabu inaanza ukifika mwisho wa safari saa tatu au zaidi baada ya muda uliopangwa. Kwa safari ndefu kama yangu, shirika linaweza kukata nusu ikiwa hukuvuka saa nne. Mimi nilizivuka nikiwa bado sijapata hata mto wa shingo. Na zile "sababu za kiufundi" mahakama yao ilishazikataa mwaka 2008: kuharibika kwa ndege ni sehemu ya kazi ya mwenye ndege, isipokuwa kitu cha ajabu kweli kweli. Dhoruba ni ajabu. Ndege wa angani kuingia kwenye injini ni ajabu. Kiraka cha bomba si ajabu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba bei ni moja kwa wote. Yule mkurugenzi wa kule mbele, anayeletewa taulo la moto kwa koleo, anapata 600. Mimi niliyebanwa jirani na choo, 600. Ni mara ya kwanza nimeona dunia ikikiri kwamba muda wangu una thamani sawa na wake.

Wenzetu wanachimba mambo haya hadi tone la mwisho. Kuna kesi iliyoamuliwa mwaka 2014, ya ndege iliyotoka Salzburg kwenda Köln/Bonn. Magurudumu yaligusa ardhi zikibaki dakika mbili saa tatu za kuchelewa zitimie. Ilipofika kwenye maegesho, zilikuwa saa tatu na dakika tatu. Sasa, imefika saa ngapi? Majaji wakajifungia na vitabu vyao, wakatoka na jibu: umefika pale mlango mmojawapo unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kutoka. Ningekuwa ndani ya ndege ile ningemwambia rubani, baba, usikimbie, egesha taratibu.

Kanuni hiyohiyo inasema ukikwama upewe chakula, malazi, na simu mbili za bure, au teleksi, au faksi, au barua pepe. Teleksi! Nilitamani sana kurudi kaunta saa nane za usiku nikadai kumtumia mume wangu teleksi, nione watakavyohangaika. Na fidia inalipwa kwa fedha. Ya vocha ni mpaka utie saini kwamba umekubali. Ndiyo maana vocha huja na kalamu na tabasamu.

Sasa geuza safari. Ukitoka Dar kwenda Frankfurt kwa ndege isiyo ya shirika la Ulaya, hiyo 261 haikujui. Kiti kilekile, mgongo uleule, ila umeelekea upande mwingine. Unabaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo. Si mkataba mbaya, ila hauna bei ya mezani. Lazima uthibitishe hasara: risiti ya hoteli, ya teksi, ya tiketi nyingine. Ukomo wake kwa ucheleweshaji, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni SDR 6,303, zile sarafu za hesabu za Shirika la Fedha la Kimataifa, zaidi ya dola 8,000. Una miaka miwili ya kushtaki. Tatizo, hasara zetu hazina risiti. Nani atakupa risiti ya zabuni iliyofunguliwa ukiwa umekwama kwenye kiti cha chuma?

Nikadai. Kwanza wakanipa pointi. Nikakataa pointi. Wakanipa vocha ya safari nyingine, yaani adhabu ileile kwa mara ya pili. Baada ya barua pepe za kutosha kujaza faili, pesa ikaingia, zaidi ya milioni moja na nusu za Kitanzania. Na hapo ndipo mhasibu wetu alipoamka.

"Dada, tiketi ilinunuliwa na ofisi. Kwa hiyo hiyo fidia ni ya ofisi."

"Kaka, kanuni inasema abiria. Haijasema aliyelipia tiketi. Ofisi ililala wapi usiku ule?"

"Ofisi ilipata hasara."

Nikampa na kesi yake kabisa, maana mimi si mchoyo. Watumishi wa taasisi ya Lithuania inayochunguza rushwa walisafiri kutoka Vilnius kwenda Baku kupitia Riga na Moscow, wakafika wamechelewa zaidi ya saa 14. Mwajiri wao akalazimika kuwaongezea posho na michango ya hifadhi ya jamii. Akashtaki, na mwaka 2016 mahakama ya Ulaya ikasema mwajiri naye anaweza kudai hasara hiyo kwa shirika la ndege, kupitia Montreal. Kila mtu na dirisha lake. Kaka, nenda na wewe kadai, ila acha zangu.

Alisoma kimya, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Nikajua nimemshinda. Kisha akavuta fomu yangu ya masurufu, akaweka kidole kwenye mstari wa usiku ule wa viti vya chuma.

"Hapa ulichukua posho ya malazi," akasema. "Risiti ya hoteli iko wapi?"