Sauti Ipo, Picha Haipo

Taarifa ya habari ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Televisheni yetu ya inchi 32 ikapepesa kidogo, kisha kioo kikawa cheusi tii huku mtangazaji akiendelea kusoma. Mama mkwe, aliyekuja Dar es Salaam kutoka Tanga kwa matibabu ya macho, akaniuliza kwa upole: "Baba, ni macho yangu au ni televisheni?"

"Ni televisheni, mama," nikamtoa hofu.

Fundi wa kwanza aliitazama akiwa amesimama, akatoa hukumu: "Kioo kimekufa. Iuzeni spea, mnunue nyingine." Mke wangu akanyamaza, maana fedha iliyokuwapo ilikuwa ya ada ya shule. Ndipo shemeji yangu, anayesomea umeme katika chuo cha ufundi cha VETA, akasema: "Shemeji, zima taa ya sebuleni." Akawasha tochi ya simu, akaimulika kwenye kioo kwa mshazari. Mtangazaji huyo hapo, hafifu lakini mzima!

Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Kazi yake ni kuzuia au kupitisha mwanga unaotoka nyuma yake, kwenye mistari ya taa ndogo za LED. Ukimulika na kuona picha, kioo kipo hai. Kilichokufa ni taa, au umeme unaozilisha.

Shemeji akamleta fundi anayemwamini. Ilihitajika sehemu pana na laini ya kuilaza televisheni, na nyumbani kwetu sehemu hiyo ilikuwa kitanda cha mama mkwe. Mwenyewe akatandika shuka safi, akahamia sebuleni na mto wake. Fundi akachomoa waya ukutani, akasubiri, kisha akapima kapasita za ubao wa umeme, kwa kuwa zinaweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa. Kioo tulikinyanyua watu wawili kwa kushika kingo, tukichunga utepe wa nyaya pembeni. Utepe huo ukichanika, kioo kimeharibika kweli. Watoto wenye vidole vya mafuta ya maandazi walizuiwa mlangoni, kwa sababu alama ikibaki kwenye karatasi za kutawanya mwanga, itaonekana kwenye kila picha.

Taa moja ilikuwa imeungua. Taa hizo zimeungwa kwa mfuatano, hivyo moja ikikata, umeme hauna pa kupita na wenzake wote huzimika. Tukakubaliana kubadilisha hiyo moja, tupunguze gharama. Televisheni ikawaka, vigelegele vikasikika. Haikuchukua muda, giza likarudi: taa nyingine nayo imekata. Zote zilikuwa zimezeeka pamoja katika joto lile lile.

Mama mkwe akatandika tena shuka, bila neno. Safari hii shemeji alikwenda Kariakoo na mstari wa zamani mkononi, alinganishe urefu, idadi ya taa na volti, kwa sababu kuna taa za volti 3 na za volti 6 ambazo kwa macho hazitofautiani sana. Akanunua seti nzima. Fundi akaifunga, akaipima kabla ya kurudisha kioo, akafunika.

Kilichofuata kilikuwa mzozo wa rimoti. Shemeji alitaka mwanga wa nyuma upandishwe hadi mwisho kwa ajili ya mpira. Mama mkwe alitaka upunguzwe, macho yake yapumzike. Fundi akamuunga mkono mama. Kadiri mwanga unavyopandishwa, ndivyo umeme unavyoongezeka kwenye taa, na joto nalo, na joto ndilo linalozila. Tukaushusha, na kwa sebule yetu picha inatosha kabisa.

Tulifundishwa na kijana wa chuo na mama mwenye subira, nami napenda kila nyumba ilijue hili: ukiambiwa kioo kimekufa huku sauti inasikika, washa tochi kabla hujafungua pochi.