Swali Bora ni Lile Lenye Jibu Tayari

Mabibi na mabwana wa Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi, itifaki imezingatiwa. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Mawasiliano baina ya Watu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kujiridhisha kwamba sina mpinzani. Vitabu vya shule vinafundisha kwamba mawasiliano yana mtoa ujumbe, ujumbe, njia ya kuupitisha, mpokeaji na mrejesho, na kwamba kelele ni adui wa vyote hivyo. Nimeipitia orodha hiyo na kuikuta ndefu mno. Mpokeaji ni wa hiari, na mrejesho ni kupotezeana muda. Hoja yangu ni moja: swali bora ni lile ambalo jibu lake linajulikana kabla halijaulizwa. Swali la namna hiyo halimwaibishi mtu, halileti ubishi, na linampa muulizaji nafasi ya kuonekana mwungwana.

Ushahidi mnao wenyewe, pale penye mnara wa kumbukumbu Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia mji huu akimtafuta David Livingstone. Akamkuta mzungu mmoja, mzee wa mvi, amesimama pamoja na Waarabu wa mji. Kwa maelezo yake mwenyewe, alivua kofia akamwuliza kama, kwa kudhani kwake, huyo ndiye Dk. Livingstone. Ujiji nzima ilijua jibu. Swali lile halikubeba habari hata chembe, na ndiyo maana limedumu zaidi ya miaka 150. Baadaye mabwana hao wawili walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Hiyo ilikuwa habari hasa, iliyowagombanisha wanajiografia wa Ulaya. Nani amewahi kuichapisha kwenye fulana?

Najua wapo wasomi watakaonyoosha kidole. Watasema kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano ule zilichanwa, na kwamba Livingstone katika maandishi yake hakuyataja maneno hayo mashuhuri. Watazidi kusema kwamba Stanley anautaja mkutano kuwa ulifanyika Novemba, ilhali shajara ya Livingstone inaonyesha Oktoba, yaani watu wawili walishikana mikono siku moja katika miezi tofauti. Nawashukuru kwa kunisaidia. Ikiwa salamu yaweza kuzunguka dunia bila hata hakika kwamba ilitamkwa, basi kutamka nako ni mzigo usio wa lazima, na nadharia yangu imeimarika kuliko nilivyotarajia.

Pingamizi la pili ni zito kidogo, nalo linaitwa Susi. Huyu alikuwa mtumishi wa Livingstone, na Stanley mwenyewe anasimulia kwamba ndiye aliyemlaki kwanza, akamsalimu kwa Kiingereza, kisha akatimua mbio kumpasha bwana wake habari. Bwana akauliza: mgeni anaitwa nani? Susi hakujua. Akarudi mbio kwa mgeni kuuliza jina. Wapinzani wangu wanadai kwamba hapo ndipo palipokuwa na mawasiliano: ujumbe ulipelekwa, pengo likaonekana, mtu akarudi kuliziba. Mimi naona utovu wa taaluma. Kijana yule aliuliza jambo asilolijua, akakiri kwa vitendo kwamba hajui, tena hadharani, huku anahema. Historia ilimwadhibu ipasavyo: maneno ya aliyekuwa akijua jibu yanakaririwa duniani kote, ya aliyekuwa akitafuta jibu hayana hata mnara.

Mkitaka ushahidi wa leo, nendeni soko la dagaa Kibirizi. Mnunuzi anafika. Za asubuhi? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Biashara? Tunamshukuru Mungu. Dagaa hawa wa chanja au wa mchangani? Wa chanja, dada yangu, wasafi kabisa. Majibu yote yalikuwa tayari kabla ya mnunuzi kushuka kwenye bodaboda. Baada ya hapo anaingiza mkono hadi chini ya lundo, anachota, anasugua kiganjani akiangalia kama kuna chembe zinazobaki, anatafuna mmoja polepole akisikilizia mchanga kwenye meno. Mjinga atasema kiganja kile na meno yale ndiyo yaliyouliza swali, na kwamba salamu ilifungua tu mlango ili mkono upite. Nami najibu kwamba mambo ya mkono ni ya idara nyingine. Bingwa wa mawasiliano hashughuliki na dagaa.

Limebaki lalamiko la mwisho, kwamba mtu anayehutubia kuhusu mazungumzo bila kuruhusu maswali anahubiri tu. Lalamiko hilo linadhani maswali yenu yatakuwa na kitu nisichokijua, dhana ambayo sina namna ya kuichunguza bila kuwasikiliza. Hata hivyo mimi si mtu wa kukwepa mrejesho. Nimeuandaa mwenyewe, umo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Nikiuliza, mnaitika kwa sauti moja. Haya: tumeelewana? Asanteni sana. Huo ulikuwa mjadala mzito.