Namna ya Kuweka Mweusi Mmoja Kwenye Filamu Yako

Hongera, mtayarishaji wa Hollywood. Umelaumiwa kwamba filamu yako ni ya wazungu watupu, na sasa unataka kurekebisha mambo bila kubadilisha chochote. Inawezekana kabisa.

Chukua mmoja. Wakiwa wawili watapiga soga, na soga ikikolea wataulizana malipo. Huyo mmoja mfanye rafiki wa stelingi: achekeshe kidogo, asuluhishe mapenzi ya watu, ila mwenyewe asiwe na mama, nyumba wala mchumba. Ikibidi mtu afe, aanze yeye, ili stelingi apate wa kumlilia.

Kwa Waasia, wanja na poda vinatosha. Katika The Good Earth ya mwaka 1937, mke wa mkulima wa Kichina aliigizwa na Luise Rainer, mzungu kutoka Ulaya, naye akatwaa Oscar. Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyezaliwa Los Angeles, aliitaka nafasi hiyo akaikosa.

Mweusi wako akishinda tuzo, mpigie makofi ya nguvu, halafu tulia. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alipata Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huohuo alikuwa ameketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa Gone with the Wind. Mwanamke mweusi aliyefuata kushinda kwa uigizaji ni Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Haraka ya nini? Au mfuate Lupita Nyong'o wetu: ameshinda mwaka 2014 kwa kuigiza mtumwa, basi mpelekee watumwa wengine. Amesimulia mwenyewe kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2015 Star Wars ilimgeuza kiumbe cha kompyuta, na mwaka uliofuata The Jungle Book ikachukua sauti yake tu, ya mbwamwitu.

Kazi ya kuwagombanisha weusi na Waasia usijipe, mara nyingine wanakusaidia. Mwaka 2016 walioteuliwa kuwania Oscar za uigizaji, wote 20, walikuwa wazungu kwa mwaka wa pili mfululizo. Mshereheshaji Chris Rock aliwasema wazungu vizuri tu, kisha akapandisha jukwaani watoto watatu wa Kiasia kuwa mzaha. Ang Lee, Sandra Oh na Waasia wenzao wakaandika barua ya malalamiko. Mweusi alikuwa anadai kiti, Mwasia akafanywa kigoda.

Hatari ni wakianza kushikana. Mwaka 2017 Daniel Dae Kim na Grace Park, waigizaji wa asili ya Kiasia, waliondoka pamoja kwenye tamthilia ya Hawaii Five-0 baada ya kutoafikiana kuhusu malipo. Mwaka huohuo Ed Skrein, mzungu, aliikataa nafasi aliyokwisha kupewa kwenye Hellboy alipogundua kuwa mhusika ana asili ya Kijapani. Akapewa nani? Kim huyohuyo.

Hellboy ilitoka mwaka 2019, ikadoda. Utumie mfano huo kwenye vikao, ila usitaje kwamba stelingi alikuwa mzungu aliyepakwa rangi nyekundu.