Shangazi na Mlio wa Chui

Mwaka 1907 wakoloni walianza kujaribu miti ya kigeni kando ya mto Kirichwa Kubwa, Nairobi. Reli ya Uganda ilikuwa ikila kuni, nao mabwana misitu walitaka kujua ni mti gani unaokua upesi. Siku hizi reli haili kuni tena. Bustani hiyo, Arboretum, yenye hekta 30 hivi jirani na Kileleshwa, sasa inalisha tumbili, na wanaogharamia ni sisi wageni.

Jumapili huja kila aina ya mtu: wakimbiaji, wapenzi, wapiga picha, na waombaji. Tumbili huwapenda zaidi waombaji. Muombaji hufumba macho, huinua mikono yote miwili, na mkoba wake huuacha wazi nyasini. Tumbili hajui maandiko, lakini anajua kwamba kabla ya "Amina" ndizi mbili huliwa bila haraka.

Shangazi alipotoka Machakos kututembelea, nilimwonya. Akacheka.

"Mimi nimelinda mahindi ya marehemu baba tangu darasa la tatu. Hawa wa Nairobi, wanaokula vibanzi, wataniambia nini?"

Akatandika leso karibu na mto, akafungua hotpoti ya chapati, akaweka fimbo pajani. Jike aliyebeba mtoto kifuani akaja akaketi mbele yetu, mnyonge kabisa. Shangazi hakudanganyika. Akamkazia macho, fimbo juu.

Ndipo dume mmoja akashuka mtini nyuma yetu. Tumbili dume ana manyoya ya kijivu, uso mweusi, na sehemu za siri za buluu ya kung'aa ambazo, kusema kweli, hazina siri yoyote.

"Shosho," binti yangu akauliza kwa sauti iliyowafikia hata waombaji, "mbona za huyu ni za buluu?"

Shangazi ni mama wa kanisa. Alitupa fimbo na kumziba mtoto macho kwa mikono yote miwili. Hotpoti ikabaki bila mlinzi.

Tumbili ana vifuko ndani ya mashavu vya kuhifadhia chakula, atafune baadaye akiwa salama. Dume alijaza chapati ya kwanza mashavuni, ya pili akaibeba mkononi hadi tawi lililoinama juu ya mto. Alitafuna akituangalia, na kila kipande kilichoungua akakitupa majini. Hapo Shangazi aliumia zaidi ya alipoibiwa.

Akaokota fimbo, akajifunga leso kiunoni, akawavamia kwa ukemi wa kufukuzia nyani shambani. Juu ya mkaratusi tumbili mmoja akabweka kwa nguvu, na kundi zima likapanda miti.

Utafiti uliofanywa Amboseli na kuchapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba tumbili wana mlio tofauti kwa kila adui. Wakisikia wa tai hutazama juu na kukimbilia vichakani. Wa nyoka, husimama wima na kuchungulia nyasini. Wa chui, hukimbilia mitini. Nilimweleza Shangazi hayo nikidhani namliwaza kidogo tu.

"Kwa hiyo wameniita chui?"

"Inaelekea hivyo, Shangazi."

Alirudi Machakos akitembea kifua mbele. Huko habari hiyo imeshasimuliwa kanisani, sokoni na kwenye chama cha akina mama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba palikuwa na chapati.